AJALI YA MKONO INA KINGA

Hakuna msemo unaotamkwa kwa wepesi zaidi mahali pa kazi kuliko ule usemao kuwa ajali haina kinga. Huutamka mwenye karakana, huutamka majirani wanaokuja kumpa pole majeruhi, na mara nyingi huutamka majeruhi mwenyewe, hali amekwisha kuufunga mkono wake kwa kitambaa na kuuinua juu ili damu ikatike. Kama neno la faraja, msemo huo hauna ubaya. Ubaya unaanza pale unapotoka kwenye kitanda cha mgonjwa ukaingia ofisini na kugeuka kuwa maelezo rasmi ya ajali.

Msumeno wa mviringo wa kupasulia mbao hutengenezwa ukiwa na kifuniko juu ya meno yake. Mkanda na magurudumu ya mashine ya kusaga nafaka yaweza kuzungushiwa kizimba cha wavu ambacho fundi wa kuchomelea hukitengeneza kwa muda mfupi na kwa vyuma chakavu. Vitu hivi vina jina katika Kiswahili cha kazi: huitwa kinga. Kwa hiyo anayesema kwamba ajali ya mkono haina kinga, huku kinga yenyewe imeegemezwa ukutani ikipata kutu, anasema jambo lisilo kweli, na uongo huo unalipiwa kwa vidole vya watu.

Ukubwa wa tatizo hili umefichwa na jambo moja: jeraha la mkono ni nadra kuua. Ajali ya basi huandikwa magazetini kesho yake. Kidole cha fundi seremala hakiandikwi popote. Hata hivyo hesabu zilizopo si za kupuuzwa. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika mwaka huo mmoja kulitokea duniani mivunjiko ya mifupa ya kiganja, vidole na kifundo cha mkono ipatayo milioni 18, na vidole vilivyokatika vilihesabiwa kwa mamilioni. Katika vyumba vya dharura vya hospitali za nchi mbalimbali, mkono ni miongoni mwa viungo vinavyoletwa mara nyingi zaidi, na wengi wa majeruhi ni wanaume vijana, yaani watu walio katika umri wa kuzalisha mali na kulea familia.

Lugha nayo imechangia kulificha tatizo. Kwa Kiswahili, mkono huanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Daftari la zahanati likiandikwa "jeraha la mkono", msomaji wake hawezi kujua kama mtu alichubuka kiwiko au alipoteza kidole gumba, na hizo ni habari mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Madaktari hukadiria kwamba gumba peke yake hufanya yapata asilimia 40 ya kazi ya kiganja, kwa kuwa bila gumba vidole vinne vilivyobaki havina cha kukutana nacho. Mtu mzima ana mifupa 206, na zaidi ya robo yake imo katika viganja viwili: mifupa 27 kila upande, minane ya kifundo, mitano ya kiganja na 14 ya vidole. Juu ya mifupa hiyo hupita kano, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, vyote vikiwa karibu sana na ngozi. Ndiyo sababu kipande cha chupa kinachoacha mkato mdogo kama kucha chaweza kukata kano na kukifanya kidole kisikunjike tena maisha yote.

Vyanzo vya majeraha haya ni vingi, lakini havina uzito ulio sawa. Nyumbani ni kisu, mbuzi ya nazi, mafuta yanayochemka na glasi inayovunjikia mkononi inapooshwa. Kwa watoto wadogo, mlango ndio adui mkubwa wa ncha za vidole, hasa upande wa bawaba ambako mtoto huweka mkono bila mtu mzima kumwona. Kila nchi ina yake: mwaka 2017 madaktari wa upasuaji nchini Uingereza walipendekeza maparachichi yabandikwe karatasi ya onyo, kwa jinsi watu walivyokuwa wakijichoma viganja kwa kisu wakitafuta kuitoa kokwa. Mkulima wa Rungwe ambaye hupasua parachichi tangu utotoni atacheka, na ana haki ya kucheka.

Shambani, panga na mundu hukata zaidi mkono unaoshika kuliko mkono unaokata. Mkata miwa hushika bua kwa kushoto na kupiga kwa kulia. Jua linapokuwa kali na jasho likiteleza kwenye mpini, pigo moja likikosea bua hupata kidole. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wanaikumbuka mashine ya brashi, ambako singa zilishikwa kwa mkono na kuingizwa kwenye ngoma inayozunguka kwa kasi. Singa zikijizungusha kwenye vidole, ngoma haikujua kutofautisha mkonge na mfanyakazi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Majeraha mabaya zaidi ya mkono hutokea mahali ambapo vitu viwili vinavyozunguka hukutana, au ambapo kitu kinachozunguka hukutana na mtu anayekilisha. Mashine ya kukamulia miwa inayosukumwa kila jioni katika mitaa ya Dar es Salaam na Zanzibar ni mfano ulio wazi kwa kila mtu. Rola mbili za chuma huzunguka kuelekeana. Muuzaji huingiza muwa, rola huuvuta, na inapobaki ncha ndogo huisukuma kwa vidole ili utamu usipotee. Siku moja ncha ya kidole hushikwa pamoja na ncha ya muwa. Rola haziachi kilichoshikwa; huvuta kiganja kizima, na hata umeme ukizimwa hapo hapo, mkono hutolewa kwa kuifungua mashine. Jeraha la namna hiyo haliwi mkato. Mfupa husagika, ngozi huchunika, na daktari hukosa mahali safi pa kushonea.

Msumeno wa mviringo una tabia yake, ambayo kila mwalimu wa ufundi anapaswa kuifundisha kabla ya kuuwasha. Mbao inayopasuliwa huwa na mkazo ndani yake. Ikisha kupasuliwa nusu, pande mbili hurudiana na kuubana msumeno nyuma. Meno ya nyuma hupanda juu, nayo huirusha mbao kumwelekea fundi kwa nguvu, na mkono uliokuwa ukisukuma hujikuta hauna cha kusukuma ila meno yenyewe. Bamba jembamba la chuma linalosimamishwa nyuma ya msumeno huzitenganisha pande hizo mbili zisiubane, na kijiti cha kusukumia huufanya mkono ubaki mbali katika zile sentimita za mwisho. Katika karakana nyingi za mitaani bamba hilo halipo, na kijiti huonwa kuwa ni woga wa mwanagenzi.

Yapo pia mambo madogo yanayoshangaza. Pete ya ndoa ikinaswa na msumari wakati mtu anaruka kutoka kwenye lori, huweza kuichuna ngozi yote ya kidole kama soksi. Glavu, ambazo humkinga mbeba mabati na mvunja mawe, ni hatari kwa anayetoboa chuma kwa keekee ya umeme, maana uzi mmoja ukishikwa huvuta mkono wote. Fundi wa injini za dizeli anayejaribu nozeli kwa kidole huweza kupigwa na mafuta yenye mgandamizo mkubwa yakapenya ngozi kwa tundu lisiloonekana. Siku ya kwanza kidole huonekana kizima, na kisipopasuliwa na kusafishwa upesi huoza.

Sasa lisikilizwe neno linalopenda kuandikwa kwenye taarifa za ajali. Neno hilo ni uzembe. Mfanyakazi hakuwa makini. Mfanyakazi alikuwa akizungumza. Mfanyakazi alikuwa na haraka. Hapana shaka wapo wazembe, na wapo wanaoshika msumeno na pombe kichwani. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 nchini Marekani, ukiwahusu watu zaidi ya 1,000 waliojeruhiwa mikono kazini, ulilinganisha dakika za kabla ya ajali na saa nyingine za kazi za mtu huyo huyo. Ulikuta kwamba hatari ilipanda zaidi, yapata mara 11, pale chombo au kifaa kilipokuwa hakifanyi kazi kama kawaida yake. Likafuata jambo la mtu kuitenda kazi kwa njia tofauti na aliyoizoea, kisha kupewa kazi isiyo ya kila siku. Kupotewa na mawazo na haraka vilikuwapo, lakini nyuma ya hayo. Aidha, uvaaji wa glavu katika kazi zinazozifaa ulipunguza hatari kwa asilimia 60. Kwa maneno mengine, kabla ya kumuuliza majeruhi alikuwa akiwaza nini, yafaa iulizwe mashine ilikuwa na kasoro gani asubuhi ile, na nani aliambiwa juu ya kasoro hiyo.

India ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mashine za kupura ngano zilipoenea Punjab, Haryana na Uttar Pradesh katika miaka ya 1970, wakulima walianza kupoteza viganja na mikono mizima kwenye ngoma za kupuria. Walikuwapo waliosema kuwa wakulima hao wamelewa au wanasinzia. Wahandisi walitazama mdomo wa kulishia ngano, wakaona kwamba ulikuwa mfupi kiasi cha mkono wa mtu kuifikia ngoma. Kiwango kilichowekwa nchini humo mwaka 1979 kiliutaka mdomo huo uwe na urefu usiopungua sentimita 90, na sentimita 45 kati ya hizo zifunikwe juu. Mwaka 1983 Bunge la India likapitisha sheria ya kusimamia mashine za hatari. Kipande cha bati chenye urefu unaouzidi mkono wa mtu hufanya kazi ambayo hotuba ya umakini haiwezi kuifanya: mtu akisinzia, akateleza au akaitwa na mwanawe, mkono wake haufiki penye hatari. Mashine za kupura mpunga zimekwisha kuwa jambo la kawaida Mbarali na Kilombero, na yeyote mwenye futi ya kupimia anaweza kuipima midomo yake.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Mara nyingi anayeiondoa kinga ni mfanyakazi mwenyewe. Huiondoa kwa sababu inamzuia kuona mstari wa kukatia, au kwa sababu analipwa kwa idadi ya vitanda na kila dakika ni fedha. Mwenye karakana huona, akanyamaza, kwa kuwa vitanda vinaongezeka. Ajali ikitokea, wote wawili hukumbuka ghafla kwamba kinga ilikuwapo. Malipo ya kipande kwa kipande yana nafasi yake katika kazi, lakini anayeyapanga bila kutazama kinga huwa ameweka bei ya vidole bila kuitaja.

Sheria haijakosekana. Uingereza ililazimisha mitambo izungushiwe kinga tangu Sheria ya Viwanda ya mwaka 1844, na wakoloni walileta Tanganyika sheria yao ya viwanda mwaka 1950. Leo ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Hizo ni hatua za maana. Hata hivyo Mfuko huchangiwa na waajiri. Muuza maji ya miwa hana mwajiri. Mwenye kinu cha kijiji aliyemweka mpwa wake aendeshe mashine hajioni kuwa ni mwajiri, wala mpwa hajui kama ni mfanyakazi. Hao ndio wenye mashine zisizofunikwa, na hao ndio wasiokaguliwa.

Tena fidia, hata inapolipwa, huhesabu kidole kwa jedwali. Katika kanuni za Uingereza, ambako desturi hii ilitokea, gumba lililokatika ni ulemavu wa asilimia 30, kidole cha shahada kizima ni asilimia 14, cha kati 12, cha pete au cha mwisho ni saba. Jedwali linahitajika, maana bila hilo kila kidole kingekuwa kesi. Lakini jedwali halimjui mwenye kidole. Asilimia 14 ya mlinzi wa usiku si asilimia 14 ya mshonaji nguo, wala ya mwalimu anayeandika ubaoni vipindi sita kwa siku.

Basi watumishi wa umma wana nafasi gani? Kubwa kuliko wanavyodhani, kwa kuwa mashine nyingi hupita mezani kwao kabla ya kumfikia mtumiaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi hivyo hununua mashine za kusaga, za kukamua, za useremala. Ofisa anayepitia maombi huwa na ankara kifani tatu mbele yake. Hutazama bei, akachagua ya chini, na mara nyingi bei ni ya chini kwa sababu kifuniko cha mkanda hakimo. Hakuna kinachomzuia kuandika pembeni mwa ankara kwamba fedha zitatolewa mashine ikiwa na kinga yake. Lingekuwa jambo la kuhuzunisha kuona fedha zilizotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu zikitolewa na meza ile ile inayoidhinisha mashine za kuwaongeza.

Walimu nao wamo, na sasa kuliko zamani. Sera ya elimu katika toleo lake la mwaka 2023 imeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari, na kwa uamuzi huo watoto wa miaka 14 na 15 watasimama mbele ya misumeno na mashine za kunolea. Mwanafunzi atakayejifunzia kwenye msumeno usio na kifuniko atajua maisha yake yote kwamba hivyo ndivyo msumeno ulivyo, na atakapofungua karakana yake atamfundisha hivyo mwanagenzi wake. Mwalimu mkuu anayepokea mashine shuleni ana haki ya kukataa kutia saini hati ya mapokezi mpaka vipande vyote vikamilike, kama vile angekataa kupokea madawati yasiyo na miguu.

Yafaa pia walimu wajue la kufanya jeraha linapotokea, maana hospitali yaweza kuwa mbali. Pete itolewe upesi kabla kidole hakijavimba. Damu izuiwe kwa kukandamiza kwa kitambaa safi na kuuinua mkono; unga wa kahawa, mafuta ya taa na majani havina kazi hapo. Mtoto aambiwe akunje na kunyoosha kila kidole kimoja kimoja, na aulizwe kama anahisi kikiguswa; kisichokunjika au kisichohisi ni cha daktari siku hiyo hiyo, hata kama mkato ni mdogo na damu imekwisha kukatika. Kipande cha kidole kilichokatika kisitupwe. Kifungwe katika kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Barafu ikigusa nyama yenyewe huiua.

Imebaki karatasi, ambayo ndiyo silaha ya kila ofisi. Taarifa ya ajali yenye neno "uzembe" peke yake haimfai mtu yeyote. Haimfai mkaguzi, haimfai mhandisi, haimfai hata mwajiri anayetaka isitokee tena. Ofisa kazi wa wilaya, bwana afya wa kata na mwuguzi wa zahanati hawahitaji kungoja waraka kutoka Dodoma ili waandike mistari mitano kwa kalamu ya kawaida: kidole gani, cha mkono upi, mashine gani, ilikuwa na kasoro gani siku hiyo, malipo yalikuwa kwa siku au kwa kipande, na kinga ya mashine, saa ile ya ajali, ilikuwa wapi.